Nani Alimwuliza Bibi Semeni?

Alhamisi, 3 Julai

Naiandika hoja yangu mwanzo kabisa, kwa wino, nisije nikaikana baadaye: ustawi wa jamii ni taaluma. Si huruma. Si sadaka. Si kugawa unga wakati wa mafuriko. Ina elimu yake, ina mbinu zake, na juu ya yote ina maadili yake. Na mtu asiyeyashika maadili hayo, hata awe mwema kama malaika, hafanyi kazi yangu. Hoja hii nitaitetea mbele ya kijiji kizima cha Kinole, mmoja mmoja au kwa makundi.

Nimelazimika! Leo ndiyo siku yangu ya kwanza huku mlimani nikiwa afisa ustawi wa jamii — wa mafunzo kazini, lakini hilo halihitaji kutangazwa — na kabla sijashuka vizuri kwenye bodaboda mama mmoja aliniuliza nimeleta nini. Nikamjibu kwamba nimeleta taaluma. Akalitazama begi langu kwa makini.

"Hiyo inachemshwa au inakaangwa?"

Mama huyo ni Mwajuma, mwenye kibanda cha chai. Kwa kuwa chumba pekee cha kupanga kiko nyuma ya kibanda hicho, sasa ndiye mwenye nyumba wangu. Chai yake ya mdalasini ni ya hali ya juu. Kumchukia itakuwa kazi ngumu.

Kwenye benchi alikuwapo mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi: Mwalimu Agustino, mstaafu, ambaye inaonekana hajaarifiwa kwamba amestaafu. Alinihoji kama mtahiniwa. Nimesomea wapi? Nini? Nilipomaliza akauliza kwa upole wa kutisha, "Kwa hiyo, kijana wangu, serikali ilikukopesha fedha ukajifunze kuwaonea watu huruma?"

Benchi zima likacheka. Nilimjibu kwa kirefu, kwa mpangilio, nikianzia asili ya taaluma yenyewe. Nadhani nilishinda. Mwajuma anasema katikati ya jibu langu Mwalimu alikwenda msalani na kurudi.

Ijumaa, 4 Julai

Duru ya pili. Mwalimu alikuja na hoja iliyoandaliwa — namheshimu kwa hilo. Kwa maneno yake, kazi ninayoringia imefanywa na watani tangu enzi na enzi, bila shahada. Msiba ukitokea, ukoo wa watani ndio unaoshika shughuli. Watamwiga marehemu alivyotembea na alivyokohoa mpaka wafiwa wacheke wenyewe. Ndugu wakiwa wamenuniana, mtani atalala njiani na maiti haipiti mpaka wapeane mikono.

"Huo si ustawi wa jamii? Na hatuna ofisi."

Nikamwuliza, mzee wangu, mtani anatunza siri? Mtani akilijua jambo lako asubuhi, adhuhuri linaimbwa! Mimi nina wajibu wa usiri. Mtani humhukumu mtu, mimi simhukumu. Mtani humwamulia mtu. Mimi naheshimu haki yake ya kujiamulia. Na mtani akikosea, nani anamwajibisha? Hapo nikapiga meza. Chai ya Mwalimu ikamwagika. Nikaomba radhi papo hapo, maana kuheshimu utu wa kila mtu nako ni miongoni mwa maadili yetu.

Akajipangusa suruali, akasema: "Vizuri. Siku utakayopata jambo moja ambalo taaluma yako inalijua na utani haulijui, liseme mbele ya watu. Nami nitakujibu mbele ya watu. Mwajuma, wewe shahidi."

Ndipo akatokea bibi mmoja mdogo, mkavu, ana mkongojo mkononi na nanasi kichwani, anateremka ngazi za udongo kama anayekwenda kumkamata mtu. Shikamoo bibi, nikasema.

"Marahaba mume wangu. Umechelewa, ugali umepoa."

Sikujua nitazame wapi. Benchi lilijua: lilinitazama mimi. Huyo ndiye Bibi Semeni. Ukoo wake na ukoo wa Mwalimu Agustino ni watani, na hilo silo jambo unalohitaji kuelezwa ukishawaona pamoja.

"Mtani, hujafa tu? Nimekununulia kanga ya msiba wako, panya wanaimaliza kwa kungoja."

"Tangulia wewe," akasema Mwalimu, "ukanifagilie."

"Mimi tayari. Mjukuu wangu Nasibu ananizika Jumamosi ijayo. Ananizika Dumila, mzimamzima, na godoro langu."

"Nami nitakuja kukufagilia," akasema Mwalimu.

Kicheko! Mwajuma alilazimika kuweka birika chini. Nami nilicheka mpaka kitumbua kikanipalia, na Bibi Semeni mwenyewe ndiye aliyenipiga mgongoni.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi nimefanya tathmini yangu ya kwanza ya nyumbani. Nasibu ndiye aliyeniomba. Ni mtoto wa binti wa Bibi Semeni, anauza vitunguu pale njia panda ya Dumila. Kijana mstaarabu — alinipisha kiti, akakaa juu ya gunia.

Kumbe "mazishi" ya Jumamosi ni kuhama. Anataka kumchukua bibi yake akakae naye. Akanieleza sababu, na sababu yake ilinifuta tabasamu. Masika iliyopita Bibi aliteleza kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mguu ukamkataa. Akapiga kelele. Watu wawili walipita juu ya njia na kuzisikia kelele hizo waziwazi. Wakacheka, wakaendelea na safari. Walidhani ni utani wake! Alilala kwenye tope mpaka Mwajuma alipopanda kulifuata bakuli alilomwazima.

"Kaka, nikifumba macho namwona mle topeni," Nasibu alisema. "Ningekuwa mbaya ningemwacha."

Nimeikagua nyumba. Mteremko mkali. Jiko la kuni. Zahanati mbali. Dumila ni tambarare, hospitali karibu, familia ipo. Hakuna la kubishania, nami ni mtu ninayejua kutafuta la kubishania.

Bibi Semeni alikuwa akitwanga pilipili manga muda wote huo, akitupia neno hapa na pale. Alitaka niandike kwamba bado ana miguu mizuri. Nikaandika, kumfurahisha.

Jumanne, 8 Julai

Nimeandika ripoti. Niseme bila unyenyekevu wa uongo: ni ripoti nzuri. Ina utangulizi, ina uchambuzi wa mazingira, ina aya kuhusu uzee na upweke ambayo ningefurahi kuisoma imeandikwa na mtu mwingine. Pendekezo: ahamie Dumila, kwa manufaa yake. Nikapanda mpaka penye mnara wa simu na kumtumia Dada Joyce, msimamizi wangu mjini Morogoro.

Jibu lake lilifika kabla sijateremka. "Nimeipenda. Mteja mwenyewe anasema nini?"

Nikarudia kuisoma ripoti yangu nikiwa nimesimama katikati ya migomba. Nasibu anasema. Mwenyekiti wa kitongoji anasema. Mwajuma anasema. Mteremko wenyewe, kwa namna nilivyouandika, unasema. Bibi Semeni hasemi lolote ila kwamba ana miguu mizuri.

Nimekasirika. Kwanza kwa Dada Joyce, kisha kwa mtandao kwa kuwa na kasi siku ambayo hautakiwi, kisha — nimeacha. Silali vizuri nikiendelea na orodha hiyo.

Jumatano, 9 Julai

Nilikwenda mapema. Alikuwa anaanika karafuu.

"Mume wangu! Umekuja na shoka? Kuni zimekwisha."

Nikamwambia nimekuja na swali. Akasema maswali hayapiki. Nikapasua kuni. Nilipomaliza, viganja vikiniwaka, nikamwuliza: Bibi, wewe unataka kuishi wapi?

"Unaniuliza kwa utani au kwa kweli?"

Kwa kweli.

Akanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza tangu nifike Kinole kumwona mwanamke huyo akiwa kimya, na sikupenda. Ni kama redio ya jirani inapozimika ghafla, ukaanza kujiuliza kuna nini. Akakaa kwenye kinu. Kisha akasema kwamba hataki kwenda. Alikwisha kusema mara nyingi. Alimwambia Nasibu, akacheka. Alimwambia mwenyekiti, akacheka. Alimwambia Agustino pale kwenye benchi, na yule mzee akamwahidi kumfagilia.

Nami nilikuwapo. Nilipaliwa na kitumbua.

Nikamwuliza Dumila ina ubaya gani. Akanitazama kana kwamba nimeuliza maji yana ubaya gani kwa kuku.

"Dumila nitamtania nani? Malori? Huku nikimwambia mtu hujafa tu, ananijibu. Kule nikimwambia mtu hivyo wataniita chizi, watanifungia ndani, wataniletea uji. Nasibu atanilisha vizuri, najua. Nitakaa pale nashiba, nashiba, mpaka nife kwa kukosa wa kunitukana."

Nikautaja ule mteremko na lile tope. Sikumficha: mimi binafsi bado naona Dumila ni salama zaidi. Nilimwambia hivyo. Akasema, sawa, hayo ni maoni yako, umeyasema, sasa yaweke chini kama lile shoka.

Na hapa ndipo penye taaluma yangu, kama kuna anayetaka kujua! Kumtetea mtu anayetaka unalolitaka wewe ni kazi ya shabiki wa mpira. Mimi natakiwa kuitetea haki ya bibi huyu kuchagua jambo nisilolichagua, maadamu akili yake ni timamu na hatari anaijua kuliko mimi — yeye ndiye aliyelala kwenye lile tope. Lakini haki ya kujiamulia si ruhusa ya kumwacha mtu aanguke peke yake. Nikafikiri. Kisha nikatoa mfukoni filimbi yangu ya urefa, niliyochezeshea ligi ya vitivo chuoni na kutukaniwa nayo na vitivo vyote. Nikamwambia: Bibi, sauti yako inatania. Hii haitanii. Ukiipuliza, maana yake ni kweli. Nitaomba majirani waijue.

Akaipuliza mara moja. Kuku wote wakakimbia. Alifurahi mno.

Alhamisi, 10 Julai

Ameniita. Ana mpango. Kwanza akaniuliza kama ni kweli ninayojigamba nayo kwa Mwajuma, kwamba siri ya mtu haitoki kinywani mwangu. Nikaeleza kanuni ya usiri. Akasema, vizuri, basi Jumamosi nakufa.

Nikasimama. Akasema nikae, akaendelea. Nasibu anamhamisha kwa nguvu ya upole. Sawa. Kutolewa kwenye nyumba yako usirudi tena ni nini kama si mazishi? Basi yafanywe mazishi kamili. Atajilaza kitandani, ajifunike kanga gubigubi, asiseme neno. Asiinuke. Na mfu hawezi kubebwa na mjukuu mmoja na dereva: watani lazima waitwe. Agustino lazima aje afanye kazi yake.

"Na wewe utakuwa msemaji wa marehemu."

Kila msiba hapa hufika mahali ambapo msemaji huinuka na kuuliza: anayemdai marehemu ajitokeze. Bibi Semeni amenitungia swali jingine badala ya hilo. Silinukuu hapa. Kurasa nazo zina masikio, na mwenye nyumba wangu ana funguo.

Alikubali niseme jambo moja tu kwa Nasibu: kwamba hataki kwenda. Jinsi atakavyokataa, marufuku.

Nilipanda kwenye mnara nikampigia Dada Joyce. Mazungumzo hayakwenda nilivyoyapanga. Nilimwuliza mipaka ya usiri. Akasema siri huvunjwa pale panapokuwa na hatari kwa uhai. Nikasema mteja amepanga kufa Jumamosi. Kelele! Nikamweleza haraka kwamba ni kufa kwa utani, kwa malengo ya utetezi. Upande wa pili nikasikia mtu mzima, mwenye cheo, akicheka mpaka anakohoa. Alipopata pumzi akaniuliza mambo mawili: ni yeye aliyechagua? Na Nasibu umempa nafasi ya kusikia kwanza, kistaarabu? La kwanza ndiyo. La pili kesho.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ndefu kuliko mtihani.

Nasibu alifika mchana. Nilimkalisha chini, nikamweleza bila kupamba: bibi yako hataki kuhama, ameniambia kwa kinywa chake, napendekeza mkae kikao cha familia. Nilimweleza habari ya filimbi. Nilisema vizuri. Nasibu akaniangalia kwa huruma — mimi ndiye niliyeonewa huruma! — na akacheka.

"Bibi huyo! Kaka, amekutania. Wewe ni mgeni, hujamzoea."

Nikasema hakutania. Akasema hata yeye huambiwa na Bibi kila siku kwamba anamzika. Nikasema ndiyo hilo hilo! Akainuka, akanishika bega, akasema kirikuu ya kubebea mizigo imeshakodiwa, asubuhi na mapema wanapakia, na kama nina nafasi niwasaidie kitanda.

Mwajuma naye amenizunguka siku nzima. Bibi ana nini? Mbona amefua kanga zake zote? Mbona amecheka peke yake? Aliniwekea vitumbua vya ziada, vya nazi, bila kuombwa. Wazee wangu wa taaluma, popote mlipo: hakuna aliyenifundisha kwamba usiri una harufu ya iliki. Nilikula vyote. Sikusema kitu.

Mwalimu Agustino yeye alikuwa na raha zake. Akatangaza kwamba Dumila itamfaa mtani wake, ana umri, apumzike. Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama Bibi mwenyewe amewahi kumwambia anaonaje. Akasema ameambiwa mara nyingi, "lakini si unamjua, yule maneno yake ni kucheka tu." Na ile hoja yangu, akauliza, nimeshaipata? Lile jambo ambalo utani haulijui?

Nikanywa chai yangu taratibu. Kesho, Mwalimu.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nimekaa juu ya kinu. Viti vyote vimo kwenye kirikuu. Ukungu haujaondoka mlimani na uani pamejaa watu.

Ilianza alivyotaka. Nasibu alipoingia kumwamsha alimkuta amejinyoosha, kanga mpya kuanzia utosini mpaka vidole. Bibi, inuka, gari imefika. Kimya. Bibi? Alimgusa mguu kwa hofu. Ule mguu ukamrudishia teke dogo, ukanyooka tena. Nasibu akatoka nje anafuta jasho. "Anajifanya amekufa."

"Basi atabebwa," nikasema. "Maiti haitembei. Waiteni watani."

Habari imeshuka mteremko mzima kabla dereva hajazima injini. Wamekuja wote. Mwajuma na birika. Mwenyekiti. Mwalimu Agustino amekuja mbio, anang'aa kama bwana harusi: amepora kanga kwenye kamba, amejitanda kichwani, ameushika mkongojo wa marehemu na kumwiga pale uani — kiuno, hatua, lile nanasi lisiloonekana. "Mume wangu, ugali umepoa!" Watu wanashikana mbavu. Akamlilia marehemu, akamtukana marehemu, akachungulia dirishani na kumwuliza kama huko aliko kuna wa kumkopesha chumvi. Kila neno aliacha nafasi baada yake, kama inavyotakiwa, marehemu huyu ajibu.

Hakujibu. Tusi la kwanza kutojibiwa lilichekesha. La pili pia. Kufikia la nne nikaona Mwalimu anaanza kuchungulia dirishani kwa namna nyingine.

Nikainuka. Nikajitambulisha kama msemaji wa marehemu. Nikasema: ndugu waombolezaji, kwa kawaida tungemwita anayemdai marehemu. Marehemu ameagiza niulize hivi: nani kati yetu aliwahi kumwuliza anataka kuishi wapi, akangoja jibu? Ajitokeze. Nikasema na mimi sijitokezi kwa kujivuna, maana siku niliyomwona mara ya kwanza nilicheka kama nyinyi, na siku nne baadaye nilimwandikia ripoti nzima bila kumsikia.

Wakacheka! Walinipigia makofi! Mwenyekiti akasema kijana amekuwa mtani hasa.

Ndipo ikalia filimbi kutoka chini ya kanga.

Ndefu. Ya urefa anayesimamisha mchezo. Kuku wakatawanyika, dereva akaruka. Nikawaeleza maana yake, kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kuyatumia Kinole: sauti yake mmeizoea, hata alipokuwa topeni mliizoea. Hii ikilia, ni kweli.

Hakuna anayecheka sasa. Nasibu ameishika kamba ya godoro. Hafungi wala hafungui. Mwajuma amefunika mdomo kwa upindo wa kanga — ni yeye aliyepanda kule kulifuata bakuli. Mwalimu Agustino amesimama katikati ya uani, kanga ya Bibi Semeni ingali kichwani mwake, mkongojo wa Bibi Semeni mkononi. Nami naandika ili mikono yangu ipate kazi, kwa kuwa sitasema neno jingine mpaka nijibiwe. La mwisho nimekwisha kulisema, kwa heshima zote na kwa sauti ya kufika barabarani:

Shikamoo, Mwalimu. Uliahidi kunijibu mbele ya watu, na Mwajuma ni shahidi. Watu hawa hapa, na jambo lenyewe ndilo hili: kuuliza na kungoja jibu. Wewe ni mtani wake. Alikwambia kwenye benchi, mchana kweupe, ukamwahidi kumfagilia. Ulimwuliza, au hukumwuliza? Vua hiyo kanga, simama karibu na dirisha ili na marehemu asikie, ujibu.